Togwa, Ugali na Kisukari: Sayansi ya Sahani ya Songea

Mgeni afikapo Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, aghalabu hukaribishwa kikombe cha togwa. Kinywaji hiki hutengenezwa kwa unga wa mahindi na kimea cha ulezi. Mpishi aliyefundishwa na bibi yake hatii sukari hata chembe moja, lakini togwa yake ikiiva huwa tamu. Utamu huo hutoka wapi? Mtoto wa Ruvuma hulijua jibu la swali hili kwa ulimi miaka mingi kabla ya kulisoma kitabuni, na jibu hilo ndilo mlango wa makala haya. Mwenye kuuelewa utamu wa togwa ameanza kuuelewa ugonjwa wa kisukari. Ataelewa pia kwa nini mgonjwa anayekataa sukari katika chai, kisha akamaliza mlima wa ugali, bado hajajikinga.

KUTOKA UNGA HADI UTAMU

Unga wa mahindi ni wanga kwa sehemu kubwa: katika kila gramu 100 za unga mna takriban gramu 75 za wanga. Wanga si kitu kingine ila minyororo mirefu sana ya sukari ndogo iitwayo glukosi. Minyororo hiyo ikiwa mizima ulimi hauoni utamu wowote. Ikikatwakatwa vipande vifupi, utamu hudhihirika.

Mbegu ya ulezi inapoanza kuota hutengeneza vimeng'enya, yaani kemikali za uhai zinazoharakisha kazi, ili ziukate wanga uliohifadhiwa ndani ya mbegu na kuulisha mche mchanga. Mpishi wa togwa huuzuia mche huo usiendelee: huianika mbegu iliyoota, huisaga, na kuitia katika uji wa mahindi. Kila mpishi hodari hujua kuwa kimea hakitiwi katika uji unaochemka. Hungoja upoe uwe vuguvugu. Sababu ni kwamba joto kali huviharibu vimeng'enya. Uji uliopoa kiasi, ukipata kimea, kwanza hulegea na kuwa mwepesi, kisha huwa mtamu. Minyororo ya wanga imekatwa, na sukari iitwayo maltosi imezaliwa. Baadaye vijidudu vinavyotengeneza asidi huongeza ule ukali mdogo unaoipa togwa ladha yake.

Sasa, ndugu msomaji, yafaa tujue kwamba kila mmoja wetu hutengeneza togwa ndani ya mwili wake. Mate yana kimeng'enya cha kukata wanga, na ndiyo maana tonge la ugali likitafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa na utamu. Kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo la chakula, humimina kimeng'enya cha namna hiyo hiyo katika utumbo mwembamba. Huko maltosi nayo hukatwa ikawa glukosi, na glukosi hupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Kwa hiyo mla ugali na mla sukari hukutana mahali pamoja. Tofauti zao ni mbili tu: kiasi cha glukosi kilichoingia, na mwendo wa kuingia kwake.

KIJIKO KIMOJA KATIKA DAMU YOTE

Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Mtu mwenye afya ambaye hajala tangu jana jioni huwa na glukosi kiasi cha gramu 5 tu katika damu hiyo yote, yaani kijiko kimoja cha chai. Lakini kipande cha ugali kilicho sawa na ngumi, chenye uzito wa gramu 200 hivi, kina wanga wa gramu 50, ambao ni mara kumi ya akiba hiyo. Mwili huwezaje kupokea mara kumi bila damu kugeuka asali?

Kazi hiyo hufanywa na insulini, ambayo pia hutoka katika kongosho. Insulini huagiza misuli na chembe za mafuta zipokee glukosi, na huliagiza ini liiweke akiba badala ya kuimwaga. Kisukari ni hali ambayo agizo hilo halitolewi au halitiiwi. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani, chembe zinazotengeneza insulini huharibiwa na kinga ya mwili wenyewe. Mgonjwa wa aina hii hawezi kuishi bila sindano za insulini, na hakuna chakula kinachoweza kuchukua nafasi yake. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi, insulini ipo, lakini mwili huitii kwa shida, na kongosho nalo hulemewa polepole.

Glukosi ikizidi kiasi cha milimoli 10 hivi katika lita ya damu, figo hushindwa kuirudisha yote, nayo humwagika katika mkojo ikivuta maji. Ndiyo sababu mgonjwa hukojoa mara kwa mara, huona kiu isiyokwisha, na hukonda. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliuona ugonjwa huu kwa sisimizi waliokusanyika penye mkojo wa mgonjwa. Siku hizi hatuhitaji sisimizi. Mtu ambaye damu yake, kabla ya kula asubuhi, ina glukosi ya milimoli 7 au zaidi kwa lita, na kipimo kikathibitishwa kwa kurudiwa, huhesabiwa kuwa ana kisukari. Wengi wenye aina ya pili hawaoni dalili yoyote kwa miaka, huku mishipa midogo ya macho, figo na miguu ikiharibika kimyakimya.

Hadi mwaka 1921, mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza hakuwa na tumaini. Mwaka huo, katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kutoa insulini katika kongosho la mbwa. Kazi hiyo ilifanyika katika maabara ya J. J. R. Macleod, na baadaye James Collip aliisafisha dawa hiyo. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwayo. Karibu miaka 60 baadaye, mwaka 1981, mtaalamu mwingine wa Toronto, David Jenkins, pamoja na wenzake walitoa orodha iliyopanga vyakula kwa kadiri vinavyopandisha glukosi ya damu. Ilionekana wazi kuwa vyakula viwili vyenye wanga sawa huweza kuwa na athari tofauti kabisa. Maharage, kwa mfano, huipandisha glukosi polepole kuliko mkate mweupe.

HALI YA NCHI YETU

Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 6,000 katika vijiji 6 vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika mtu 1 katika kila 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kiasi cha watu 9 katika kila 100 wenye kiwango cha juu cha sukari katika damu. Mwanafunzi makini ataona kwamba hesabu hizi mbili hazilingani moja kwa moja: umri wa waliopimwa si mmoja, na wa kwanza walikuwa wanavijiji watupu. Hata hivyo mwelekeo haufichiki. Ugonjwa ulioitwa wa matajiri wa mijini umekwisha kupiga hodi katika nyumba za watu wa kawaida.

Sababu zake si chakula peke yake, bali ni chakula pamoja na kazi. Msuli unaofanya kazi huchukua glukosi hata pale insulini inapokuwa haba. Mkulima aliyeshika jembe tangu alfajiri huko Namtumbo na dereva aliyeketi mchana kutwa wanaweza kula ugali wa kiasi kimoja, lakini miili yao haitautumia kwa namna moja.

TUITAZAME SAHANI

Tangu miaka ya 1970 Ruvuma imehesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa kuwa ghala la mahindi la taifa. Kumwambia mwenyeji wa Songea aache ugali ni kumwambia aache kula. Shauri lisilotekelezeka si shauri. Swali lifaalo ni hili: ugali gani, kiasi gani, na pamoja na nini?

Tuanze na unga. Ili kupata unga mweupe, mahindi hukobolewa, hulowekwa, huanikwa, kisha husagwa. Ganda na kiini huondoka pamoja na pumba. Basi nyuzinyuzi, mafuta mazuri na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B huenda kwa nguruwe na kuku, na mwenye nyumba hubaki na wanga mtupu. Dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, hushinda sembe kwa lishe, nao hushibisha kwa kiasi kidogo zaidi. Lakini tusidanganyane: dona nayo ni wanga. Anayekula dona mara mbili ya sembe aliyokuwa akila amezidisha mzigo badala ya kuupunguza.

Ndivyo ilivyo pia kwa ulezi, ambao wengi huusifu kuwa ni chakula cha wagonjwa wa kisukari. Ulezi una nyuzinyuzi na madini, hasa chokaa, kuliko sembe. Lakini ukisagwa laini kama vumbi na kupikwa uji mwepesi humeng'enywa upesi, na ukitiwa sukari juu yake faida yake hupotea. Mihogo, magimbi, viazi, wali na ndizi za kupika zote ni nyumba moja. Mtu achague kimoja kwa mlo, wala asivirundike pamoja.

Pili, kiasi. Kipimo rahisi ni mkono wa mlaji mwenyewe: kwa mtu mzima asiyefanya kazi nzito, ngumi moja ya ugali ni mwanzo mzuri, na mhudumu wa kliniki atamwongoza kuongeza au kupunguza. Hapa desturi yetu njema ya kula katika sinia moja huleta ugumu, kwa maana hakuna ajuaye amekula matonge mangapi. Mgonjwa akate sehemu yake pembeni kabla ya kuanza, bila kuacha kuketi na wenzake.

Tatu, vitoweo na mboga. Hapa Ruvuma ni tajiri. Maharage ya Mbinga yana wanga, lakini wanga huo umefungwa ndani ya kuta imara za chembe za mbegu, na vimeng'enya huufikia kwa taabu. Tena yana protini na nyuzinyuzi. Dagaa na samaki wa Ziwa Nyasa wanaoletwa kutoka Mbamba Bay hawana wanga kabisa. Majani ya maboga, mnafu, mchicha, matembele, kisamvu, na uyoga wa msimu wa mvua hujaza tumbo bila kujaza damu sukari. Parachichi lina mafuta mazuri na sukari kidogo sana. Basi nusu ya sahani na iwe mboga za majani, robo iwe kitoweo au maharage, na robo iwe ugali. Majaribio yameonyesha pia kuwa mtu akianza na mboga na kitoweo, kisha akamalizia na wanga, glukosi hupanda kidogo kuliko akianza na wanga. Matembezi ya robo saa baada ya kula huongeza faida hiyo.

Nne, vinywaji. Chupa ya soda ya mililita 350 ina gramu 35 hadi 40 za sukari, sawa na vijiko 8 hadi 10 vya chai, nayo haina haja ya kumeng'enywa kwa saa nyingi. Maji ya matunda hayapishani nayo sana. Heri embe dogo zima lililiwe kuliko maembe matatu yakamuliwe. Togwa, ambayo tumeisifu kwa kemia yake, ni wanga uliokwisha kukatwa kabla ya kufika mdomoni, kwa hiyo mgonjwa aionje siku ya sherehe na asiifanye maji ya kunywa. Komoni na ulanzi vina hatari mbili: vikiwa vitamu vina sukari, na vikiwa vikali vina pombe, ambayo hulizuia ini lisitoe glukosi ya akiba. Kwa mtu anayetumia insulini, kulewa bila kula kwaweza kuleta msiba usiku.

SUKARI INAPOKUWA DAWA

Mjomba wangu, mkazi wa Bombambili mjini Songea, alipoambiwa ana kisukari cha aina ya pili alipewa vidonge vya kulichochea kongosho na akaelezwa namna ya kula. Majirani nao walimpa maelezo yao: asile ugali, wali, viazi wala tunda. Naye, kwa kuwa ni mtu wa msimamo, alitii majirani kuliko daktari. Kwa siku tatu alikula mboga tupu, na vidonge hakuviacha. Alfajiri ya siku ya nne alikutwa ameketi kitandani akitokwa na jasho, akitetemeka, akimwita mkewe kwa jina la dada yake. Shangazi alidhani ni malaria. Binti yao, aliyekuwa kidato cha tatu, ndiye aliyekumbuka somo lake. Kwa kuwa baba yake bado aliweza kumeza, alikoroga vijiko vinne vya sukari katika maji na kumnywesha. Baada ya dakika 15 akili ilirudi, akapewa chakula, kisha akapelekwa hospitali. Nilipomtembelea aliniambia, "Mpwa wangu, kumbe adui niliyemkimbia ndiye aliyeniokoa."

Hadithi hii ina sayansi ndani yake. Dawa na chakula ni pande mbili za mizani moja. Insulini na baadhi ya vidonge huendelea kushusha glukosi hata kama tumbo ni tupu, na ubongo hutegemea glukosi kila dakika. Kwa hiyo mgonjwa asibadili sana chakula chake bila kumweleza mganga anayempimia dawa. Mtu aliyekwisha kupoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, maana kitaingia mapafuni; akimbizwe hospitali. Na wala mtu asiache dawa kwa ahadi ya kuponywa. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichosemwa kuponya kisukari na maradhi mengine sugu. Sayansi haikupata uthibitisho wa uponyaji huo. Mgonjwa wa aina ya kwanza anayeacha insulini huweza kufa katika siku chache.

Walimu wa shule za bweni wanahusika hasa. Mwanafunzi mwenye kisukari cha aina ya kwanza anaweza kusoma, kucheza na kufaulu kama wenzake. Lakini anahitaji mambo yasiyokubali ratiba ngumu: kula kwa wakati, ruhusa ya kupima damu na kuchoma sindano, mahali penye ubaridi pa kuweka dawa, na ruhusa ya kula kitu kitamu katikati ya kipindi atetemekapo. Ugali na maharage ya shule vyamfaa, mradi kiasi kinajulikana na mlo hauchelewi. Mwanafunzi anayekwenda msalani mara kwa mara, anayekunywa maji kupita kiasi na kukonda asiadhibiwe kwa utoro wa darasani kabla hajapimwa.

JARIBIO LA DARASANI

Somo hili laweza kuonyeshwa kwa vifaa vichache. Pika uji mwepesi wa kijiko kimoja cha unga wa mahindi katika glasi ya maji, uache upoe uwe vuguvugu, kisha uugawe katika vikombe vitatu. Kikombe cha kwanza usitie kitu. Cha pili utie nusu kijiko cha kimea cha ulezi kilichosagwa. Cha tatu utie kimea kiasi hicho hicho, lakini kilichochemshwa kwa maji kidogo kwa dakika 10. Kila baada ya dakika 5 chukua tone moja kutoka kila kikombe, liweke juu ya kigae cheupe, na ulitie tone la iodini.

Mwanzoni matone yote yatageuka rangi ya buluu iliyokoza, dalili ya wanga. Muda ukipita, tone la kikombe cha pili litafifia, likielekea rangi ya kahawia ya iodini yenyewe. Ya kwanza na ya tatu yatabaki kama yalivyo. Penye kiyeyusho cha Benedict, pasheni sehemu ya kila kikombe pamoja nacho katika maji yanayochemka, mlinganishe wekundu wa matofali utakaotokea. Kumbukeni kuwa kimea chenyewe huwa na sukari kidogo, kwa hiyo kikombe cha tatu ndicho kipimo cha haki cha kulinganishia. Darasa lenye ari lijaribu pia maharage: punje chache zilizopikwa zikiwa nzima, na nyingine za uzito huo huo zilizosagwa laini, kisha wanafunzi waeleze tofauti watakayoiona.

Mwanafunzi aliyelifanya jaribio hili kwa mikono yake hatahitaji kukaririshwa orodha ya vyakula vya halali na vya haramu. Likizo ikifika atarudi Mbinga, Tunduru au Lizaboni, na kule jikoni ataweza kumweleza mama yake kwa nini ugali wa babu umekatwa pembeni ya sinia, kwa nini mboga zimeongezwa, na kwa nini kijiko cha sukari hakikosi kuwekwa karibu na kitanda chake.